Bomba Likiziba: Kumbukumbu ya Mgololo na Tiba ya Mishipa ya Ubongo

Tiba ya mishipa ya ubongo kwa njia ya ndani ni tawi la utabibu ambamo daktari, badala ya kufungua fuvu ili aufikie mshipa ulioharibika, hupitisha mrija mwembamba uitwao katheta katika mshipa wa paja au wa kifundo cha mkono, akausukuma ndani ya mishipa hadi kichwani, na huko akafanya mojawapo ya kazi mbili zinazopingana, yaani kuzibua palipoziba au kuziba palipovimba na kupasuka. Maradhi yanayotibiwa hivyo ni mengi, lakini msomaji asiye tabibu anaweza kuyaweka katika mafungu mawili makubwa: kiharusi cha kuziba, kinachotokea bonge la damu iliyoganda linapokwama ndani ya ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, na kuinyima chakula na hewa sehemu ya ubongo, na kiharusi cha kuvuja, kinachotokea ukuta wa mshipa unapoachia na damu kumwagika ndani au kandokando ya ubongo. Habari za tiba hii huandikwa kwa kawaida kutoka upande wa maabara na majaribio. Makala haya yanaitazama kutoka upande mwingine, ule wa kijiji chenye kiwanda katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako swali lililoulizwa na mgonjwa mmoja mwaka 1992 lilitangulia majibu ambayo wakati huo yalikuwa bado hayajapatikana popote duniani.

Mgololo ipo wilayani Mufindi, mkoani Iringa, katika nchi ya baridi na ukungu ambayo misitu yake ya kupandwa ya Sao Hill, yenye miti ya paini ambayo vitabu vya misitu huiita misindano, ndiyo iliyokivuta kiwanda cha karatasi kilichoanza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980. Kiwanda cha aina hiyo ni nchi ya mabomba. Magogo hukatwa vipande vidogo, vipande hupikwa kwa soda kaustiki na misombo ya salfa ndani ya mitungi mirefu hadi vilainike na kuwa rojo, na rojo hiyo husafirishwa kwa mabomba kutoka hatua moja hadi nyingine, huku harufu inayofanana na kabichi iliyooza ikitanda katika makazi ya wafanyakazi kiasi kwamba mgeni huilalamikia na mwenyeji hushangaa mgeni analalamikia nini. Kwa kuwa mitambo haizimwi usiku, watu wa hapo huishi kwa zamu: mwanamume hujulikana kwa jirani si kwa kazi yake tu bali kwa saa anazotoka na kurudi, na watoto hujifunza mapema kunyamaza mchana katika nyumba ambayo baba ametoka zamu ya usiku.

Baba mkubwa wa mwandishi wa makala haya alikuwa fundi mitambo, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuzibua. Rojo ikiganda katika kona ya bomba, shinikizo la upande wa nyuma hupanda, upande wa mbele hukauka, na fundi huitwa. Asubuhi moja ya mwaka 1992, baada ya kutoka zamu ya usiku, alirudi nyumbani, akanywa uji, akalala. Mama mkubwa alikuwa amekwenda shambani. Aliporudi alimkuta mumewe ameketi chini kando ya kitanda, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono na mguu wa kushoto havina nguvu, naye akisisitiza kwa maneno yanayokokota kwamba hana neno, amechoka tu. Jirani mmoja aliyeingia kwa salamu ya kamwene alikatiza salamu yake mlangoni. Ilichukua muda kupata gari, na gari lililopatikana lilikuwa lori la mbao, ambalo lilipita katika barabara ya udongo iliyolowa kwa mvua, kupanda na kushuka, hadi hospitali iliyokuwa inafikika.

Tabibu aliyempokea aliuliza swali la kawaida, kwamba ugonjwa ulianza saa ngapi, na katika familia nzima iliyokuwa imepanda lori hakuna aliyeweza kujibu. Mama mkubwa alisema jua lilikuwa limefika hapa, akionyesha kwa mkono usawa wa ukingo wa paa. Tabibu akaandika alichoweza kuandika. Mgonjwa mwenyewe, ambaye fahamu zake zilikuwa timamu, alisubiri aelezwe kwamba mshipa umeziba kichwani, kisha akauliza jambo ambalo lilirudiwa nyumbani kwa miaka mingi, wakati mwingine kwa kicheko na wakati mwingine bila kicheko:

"Daktari, bomba likiziba si linazibuliwa?"

"Mzee, kichwa si bomba la kiwandani," alijibiwa kwa upole.

Jibu hilo lilikuwa la haki kwa wakati wake, na yeyote anayetaka kuligeuza kuwa lawama hana budi kwanza kutazama tarehe. Mwaka 1992 hakuna hospitali duniani iliyokuwa na tiba iliyothibitishwa ya kuzibua mshipa wa ubongo. Jaribio la Marekani lililoonyesha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ikitolewa kwa sindano ndani ya saa 3 tangu kiharusi kianze, huongeza idadi ya wanaopona lilichapishwa mwaka 1995, na uzibuaji kwa katheta ulikuwa na safari ndefu zaidi mbele yake. Mgonjwa wa London siku hiyo angelazwa, angegeuzwa kitandani asipate vidonda, angepewa mazoezi ya viungo, na kwa kiini cha ugonjwa wenyewe asingefanyiwa mengi kuliko mgonjwa wa Mufindi. Hata hivyo fundi alikuwa ameuliza swali sahihi, na watu wachache katika nchi kadhaa walikuwa wamekwisha kulishughulikia kwa zaidi ya miaka 60.

Wa kwanza kati yao alikuwa Egas Moniz wa Lisbon, ambaye mwaka 1927 aliingiza katika ateri ya shingo dawa inayozuia miale ya eksirei, akapiga picha, na kwa mara ya kwanza mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai ikaonekana kama matawi ya mti wakati wa kiangazi. Picha hiyo huitwa anjiografia, nayo ndiyo jicho la tiba nzima, kwa maana daktari anayesukuma katheta haoni mshipa bali huona kivuli chake kwenye kioo. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Sweden akabuni jambo rahisi mno hata mtu hujiuliza kwa nini lilichelewa: kutoboa mshipa kwa sindano, kupitisha waya ndani ya sindano, kuitoa sindano na kuuacha waya, kisha kuutumia waya huo kama reli ya kuingizia katheta. Fundi bomba anayetanguliza waya mgumu kabla ya mpira angeitambua mbinu hiyo bila kufundishwa.

Kutoka hapo historia inakwenda Moscow. Fedor Serbinenko, daktari wa upasuaji wa ubongo, alitazama sherehe za Mei Mosi mwaka 1959, akaona jinsi watoto walivyoyaongoza maputo kwa kuvuta na kulegeza nyuzi, na wazo likamjia kwamba puto dogo lililofungwa kwenye ncha ya katheta lingeweza kuchukuliwa na damu hadi mahali panapotakiwa, likajazwa, likaachwa humo. Miaka kama kumi na zaidi baadaye alikuwa akiyatumia maputo hayo kuziba mishipa iliyoharibika, na makala yake ya mwaka 1974 yaliwafikia madaktari wa nchi za magharibi ambao wengi walisafiri hadi kwake kujifunza. Puto lilikuwa na kasoro zake, kwani lilitanuka kwa umbo lake lenyewe na si kwa umbo la shimo lililokusudiwa kujazwa. Kasoro hiyo iliondolewa na Guido Guglielmi, Mtaliano aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye Machi 1990 alimtibu mgonjwa wake wa kwanza kwa koili, yaani waya wa platinamu mwembamba kama unywele unaojisokota wenyewe kama uzi ndani ya kifundo, na unaokatwa kutoka kwenye waya mama kwa mkondo mdogo wa umeme baada ya daktari kuridhika kwamba umekaa vizuri.

Koili hiyo ilikusudiwa hasa ugonjwa uitwao anurizimu, na hapa kumbukumbu ya Mgololo inamhusu mtu mwingine. Anurizimu ni nundu inayotokeza kwenye ukuta wa ateri mahali ulipodhoofika, mara nyingi kwenye njia panda ya mishipa, mfano wa tyubu ya baiskeli inayotoa nundu pale mpira ulipochakaa. Mtu anaweza kuishi na nundu hiyo maisha yake yote asijue. Ikipasuka, damu humwagika kuzunguka ubongo, na dalili yake kuu ni maumivu ya kichwa yanayofika kilele chake kwa ghafla, ndani ya sekunde, makali kuliko yoyote ambayo mgonjwa amewahi kuyapata, yakifuatwa na kutapika, shingo kukakamaa na usingizi usio wa kawaida. Katikati ya miaka ya 2000, mama mmoja wa jirani, mwenye nguvu zake na sauti yake iliyosikika bonde zima, alishikwa na maumivu ya namna hiyo akiwa ameinama kuchota maji. Alipelekwa katika zahanati, akatibiwa malaria, jambo linalostahili kutajwa kwa sababu Mufindi ni nchi ya baridi na mbu wake si wengi, akapata nafuu kidogo, akarudi jikoni. Siku ya tisa kichwa kilimuuma tena kwa namna ileile na hakuamka. Hakupimwa kwa mashine yoyote, na cheti chake hakiwezi kuandikwa upya leo, lakini mpangilio wa pigo la kwanza, nafuu ya udanganyifu na pigo la pili ndio mpangilio ambao kila kitabu cha mishipa ya ubongo hutahadharisha juu yake. Nundu iliyopasuka mara moja huwa katika hatari kubwa ya kupasuka tena, hasa katika saa 24 za mwanzo na katika majuma yanayofuata, na upasukaji wa pili huua zaidi ya ule wa kwanza.

Ni kwa wagonjwa wa aina hii kwamba tiba ya njia ya ndani ilipata ushahidi wake wa kwanza mzito. Jaribio la kimataifa lililoongozwa kutoka Oxford na kuchapishwa mwaka 2002 liliwahusisha wagonjwa 2,143 ambao anurizimu zao zilikuwa zimepasuka na zingeweza kutibiwa ama kwa kufungua fuvu na kubana shingo ya nundu kwa kibanio, ama kwa kuijaza koili kutoka ndani. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wakihudumiwa na wengine walikuwa asilimia 23.7 kwa upande wa koili na asilimia 30.6 kwa upande wa upasuaji. Kibanio hakikufa kwa sababu hiyo, wala hakikustahili kufa, maana zipo nundu zenye mdomo mpana ambazo koili haikai, na kibanio kilichowekwa vizuri hudumu zaidi. Katika nchi ambayo mgonjwa hulipia vifaa vingi vinavyoagizwa kutoka nje, kibanio kina fadhila nyingine ambayo majarida ya kitabibu huipita haraka: ni kimoja, na bei yake inajulikana kabla ya kuanza, ilhali koili huhesabiwa moja moja hadi nundu ijae.

Swali la baba mkubwa, lile la kuzibua, lilichelewa zaidi kupata jibu. Vifaa vya kwanza vya kunasa bonge vilikuwa na umbo la kizibuo cha chupa. Vilivyofuata, ambavyo ndivyo vinavyotumika leo, ni wavu mdogo wa metali unaofunguka ndani ya bonge, ukalishika, ukavutwa pamoja nalo, au katheta pana inayolifyonza kama mtu anavyofyonza soda kwa mrija. Mwaka 2015 lilichapishwa jaribio la Uholanzi lililowahusisha wagonjwa 500 katika hospitali 16, wote wakiwa na ateri kubwa ya ubongo iliyoziba na wakiweza kutibiwa ndani ya saa 6. Siku 90 baadaye, asilimia 32.6 ya waliotibiwa kwa njia ya ndani waliweza kujitegemea katika maisha yao, ikilinganishwa na asilimia 19.1 ya waliopata tiba ya kawaida peke yake. Mwaka huohuo majaribio mengine manne yalitoa majibu ya upande uleule. Tofauti hiyo ni kubwa kwa viwango vya utabibu, lakini msomaji makini ataona pia upande wa pili wa hesabu: hata mikononi mwa mabingwa wa Uholanzi, wagonjwa wawili kati ya watatu hawakurudi kujitegemea. Bomba lilizibuliwa, na nyumba iliyokuwa ikisubiri maji ilikuwa imekwisha kuungua.

Hapo ndipo mfano wa fundi unapokoma kufaa, na hapo ndipo tabibu wa mwaka 1992 alipokuwa na haki zaidi kuliko alivyojua mwenyewe. Bomba la rojo linaweza kusubiri hadi zamu ya asubuhi. Hesabu iliyochapishwa na Jeffrey Saver wa Los Angeles mwaka 2006 ilikadiria kwamba katika kiharusi cha ateri kubwa mgonjwa hupoteza seli za ubongo milioni 1.9 kila dakika mshipa unapoendelea kuziba. Kwa hiyo kila hospitali yenye tiba hii huanza na swali moja kabla ya mashine yoyote kuwashwa, nalo haliulizi ugonjwa ulianza lini, kwa sababu walioamka nao au waliokutwa peke yao hawawezi kulijibu. Linauliza mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Saa inahesabiwa kutoka hapo. Mwaka 2018 lilichapishwa jaribio lililopewa jina lenye maana ya alfajiri, kwa kuwa wengi wa wagonjwa wake waliamka wakiwa tayari wamepigwa na kiharusi, nalo lilionyesha kwamba baadhi yao, waliochaguliwa kwa picha zinazoonyesha kuwa ubongo bado una sehemu ya kuokolewa, hunufaika hata kati ya saa 6 na saa 24 tangu walipoonekana wazima mara ya mwisho. Mtu aliyelala baada ya zamu ya usiku akaamka na mkono uliokufa ganzi ndiye hasa mgonjwa wa jaribio hilo.

Saa 24 si nyingi kwa anayezihesabu kutoka Mgololo. Ipo safari ya kufika Mafinga, ambayo wakati wa masika haina ratiba. Ipo safari ya kwenda penye CT scan, kipimo kinachotofautisha kuziba na kuvuja na ambacho bila hicho hakuna dawa ya kuyeyusha damu inayoweza kutolewa bila hofu ya kuua, ingawa mzigo huu umepungua tangu serikali iliposambaza mashine hizo katika hospitali za rufaa za mikoa katika miaka ya karibuni. Kisha ipo barabara kuu ya Iringa hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mafinga, yenye kona za mlima Kitonga ambako lori moja lililokwama husimamisha nchi nzima, na matuta ya Mikumi. Mwishoni mwa safari hiyo ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, inayojulikana zaidi kwa kifupi cha MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 na ambayo, licha ya mifupa iliyomo katika jina lake, ndiyo kitovu cha upasuaji wa ubongo nchini. Katika miaka ya mwanzo ya muongo wa 2020 taasisi hiyo ilifunga maabara ya anjio na kuanza kuwatibu Watanzania mishipa ya ubongo bila kufungua fuvu, huduma ambayo kabla ya hapo ilimaanisha pasipoti na tiketi ya India kwa aliyeweza. Jirani yake, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ilikuwa tangu mwaka 2018 ikipokea wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Yale waliokuja kwa zamu kufundisha tiba zinazoongozwa na picha, na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kikaanzisha shahada ya uzamili ya fani hiyo. Kazi zao nyingi zilikuwa za ini na figo, si za ubongo, lakini mkono uliozoea waya ndani ya ini hauanzi sifuri unapoelekezwa kichwani.

Ni halali kuuliza kama fedha za maabara ya namna hiyo zingefaa zaidi kununulia vipimo vya shinikizo la damu vya kila zahanati. Swali hilo huulizwa mara nyingi na watu wasiokuwa na mgonjwa. Utafiti wa kiharusi uliofanyika Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, uligundua wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai na 315.9 Dar es Salaam, baada ya umri kusawazishwa; na shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo linalotajwa kwanza kila sababu zinapoorodheshwa. Kidonge cha shinikizo kitaokoa wengi kuliko katheta, na hakuna mtaalamu wa katheta anayekana hilo. Lakini nundu ya mama wa jirani haikuhitaji kidonge siku ile, ilihitaji mtu wa kuitambua na mahali pa kumpeleka, na mahali pa kumpeleka pasipokuwapo hata mtu wa kuitambua hapatikani, kwa sababu hakuna anayejizoeza kutambua asichoweza kukitibu.

Watafiti waliowahoji watu wa sehemu hizohizo mbili walikuta jambo la kustaajabisha: wakazi wa jiji ndio waliokihusisha kiharusi zaidi na mashetani na uchawi, ilhali wa Hai vijijini walitaja zaidi shinikizo la damu, mafuta na mawazo. Mgololo ya mwaka 1992 ilikuwa na maelezo ya aina zote mbili chini ya paa moja. Mzee mmoja wa ukoo alisema ni upepo, mwingine akasema ni kazi ya usiku, na siku tatu zikapita kwa mashauri baada ya mgonjwa kurudishwa nyumbani. Kwa wakati ule mashauri hayo hayakumgharimu chochote. Leo yangemgharimu kila kitu, na hiyo ndiyo tofauti iliyoletwa na katheta hata kwa watu ambao hawataiona kamwe.

Baba mkubwa aliishi miaka mingine tisa. Alijifunza kufunga vifungo kwa mkono mmoja, akatengeneza redio za majirani kwa mkono huohuo, na hakuacha kuamini kwamba alijibiwa nusu ya swali lake. Baada ya mazishi, mtu aliyefanya naye kazi zamu moja alisimulia jinsi walivyoagana asubuhi ile wakiwa wazima na wakitaniana. Kila fundi aliyetoka zamu alisaini daftari getini na kuandika saa. Saa ya mwisho ambayo mgonjwa alionekana mzima ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyefikiri kwenda kuitazama.